Geji Inasoma Ngapi

Dada alipiga simu ya video saa tatu usiku, Alhamisi, katikati ya Januari, na hakutaka kuongea na mimi.

"Mpe Baba."

Nikadhani kuna msiba. Kwetu Konoin, upande wa Bomet, mtu wa Uingereza akikupigia usiku na kuruka salamu, unaanza kuhesabu ni nani hajaonekana tangu asubuhi. Baba alikuwa jikoni kando ya moto, koti lake la kazi la zamani mabegani, redio ikiongea Kikalenjin kwa sauti ya chini. Nikamshikia simu mbele ya uso. Tukaona paji la uso la Dada, kisha dari, kisha kitu cheupe kama friji ndogo iliyopigiliwa ukutani.

"Presha ya boila imeshuka, Baba. Imekataa kuwaka."

Huyu ni mzee ambaye akitaka kutoka kwenye kiti anachukua dakika tano, tatu kati yake akilaumu magoti. Aliinuka mara moja.

"Kioo kinaonyesha maji?"

"Kioo gani?"

"Kioo cha maji, mama, kando ya boila! Maji unayaona ama huyaoni?"

"Hakuna kioo, Baba."

"Basi usiongeze maji. Umesikia? Usiguse maji. Toa moto kwanza."

Dada akaangalia friji yake ya ukutani. Alikuwa anatafuta moto wa kutoa.

Hapo lazima nieleze. Baba alifanya kazi ya boila miaka 27 katika kiwanda cha majani chai, mpaka akastaafu 2022. Mkisikia chai ya Kericho na Bomet nyinyi mnawaza zile picha za kalenda, vilima kama zulia na akina mama wenye vikapu mgongoni. Hakuna anayepiga picha boila. Lakini bila boila majani yaliyochumwa leo asubuhi ni takataka ya kesho. Kuni za blugamu zinachemsha maji, mvuke unaenda kwa mabomba, mabomba yanapasha hewa, na hewa hiyo ndiyo inasaidia kunyausha majani, na baadaye kuyakausha mpaka unyevu ubaki karibu asilimia 3. Mvuke ukipungua nguvu, hewa ya kukaushia inapoa. Chai inatoka ikiwa na maji, ama inangoja foleni huku ikizidi kuchacha, na ladha inaenda. Kwa hivyo kazi ya Baba ilikuwa moja tu, sindano ya geji isianguke. Akipokea zamu hakusalimia mtu. Aliuliza, "Geji inasoma ngapi?" Mpaka leo ukiwa na homa ndivyo anavyokuuliza.

Na kile kioo alichokuwa analilia ni kibomba cha glasi ubavuni mwa boila kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani. Maji yakipotea kwenye kioo, mabomba ya ndani yanaweza kuwa makavu na mekundu kama makaa. Ukiyamwagia maji baridi wakati huo, yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja na mvuke hauna pa kwenda. Usiku mmoja kijana wa zamu alisinzia, akaamka, akaona kioo kitupu, akakimbilia kuwasha pampu ya maji. Baba alimpiga mkono kwa kipande cha kuni. Halafu wakavuta moto wote nje kwa reki, wakazima kila kitu, wakangoja mpaka asubuhi. Majani yaliharibika, Baba akapata barua ya onyo, na kijana, kwa maneno ya Baba, "akapata nafasi ya kuoa." Hadithi hii tumeisikia kila Krismasi.

Basi mwambie mtu kama huyo kwamba boila imeshuka presha na suluhisho ni kuongeza maji.

"Baba," nikasema, "hiyo si boila ya mvuke."

Nilikuwa tayari nimefungua kitabu cha maelekezo kwa simu ya Mama, PDF ya kurasa sitini na kitu, maana Dada alikuwa ametutumia picha ya jina la mashine. Na nilikuwa na haki ya kuongea. Nimesoma uhandisi wa mitambo miaka miwili na kidogo. Somo la joto na mvuke nililipita vizuri kuliko mengine, sababu ndilo peke yake lililokuwa na harufu ya nyumbani. Mhadhiri akisema vile kiwango cha kuchemka kinavyofuata presha, mimi nilikuwa najua kwamba sufuria ya Mama, huku juu karibu mita 2,000, inachemka kwa nyuzi 93 hivi, na ndiyo maana maharagwe yetu yanakula kuni zote za dunia.

"Haichemshi maji," nikamwambia. "Inayapasha tu, halafu pampu inayazungusha kwenye vyuma vya ukutani kila chumba. Yanarudi, yanapashwa tena. Maji ni yale yale. Yamefungiwa humo."

"Haichemshi?"

"Haichemshi."

"Sasa inaitwaje boila?"

Swali zuri. Mpaka leo sina jibu.

"Geji inasoma ngapi?" akamwuliza Dada.

"Zero pointi tatu."

"Pauni?"

"Bar, Baba."

Baba alizoea geji za pauni. Boila yake ilikaa kwenye pauni 150, saa zingine ikipanda kidogo. Bar moja ni kama pauni kumi na nne na nusu, kwa hivyo Dada alikuwa na pauni nne na ushee. Kitabu kilitaka bar 1 mpaka 1.5 mashine ikiwa baridi. Nikampigia hesabu: pauni ishirini na kitu hivi ikijaa kabisa.

Mzee akacheka. Kicheko cha dharau hasa. "Taili ya pikipiki inashinda hiyo."

Lakini ukifikiria, pauni chache hizo zina kazi. Bar moja inatosha kuinua maji mita kumi, na nyumba ya Dada ina ghorofa moja juu na vyumba chini ya paa. Presha ikiwa ndogo, maji hayafiki vyuma vya juu vizuri, hewa inajificha humo, na mashine yenyewe inakataa kuwaka isije ikajiunguza. Sisi hatuna kitu kama hicho. Maji yetu yako kwenye tangi juu ya mnara wa mbao na yanashuka kwa uzito wake. Joto letu liko kwenye moto, unaliona, ukilitaka unasogeza kiti. Hakuna kitu kwetu kimefungwa pande zote mpaka kihitaji geji ya kukwambia ndani kuna nini.

Baba alisoma tafsiri yangu, yaani mimi nilisoma naye akasikiliza macho yamefumba, na akakubali kuendelea kwa sharti moja.

"Weka mkono kwenye bomba la chini. Lina joto?"

"Limepoa, Baba."

"Limepoa kabisa ama limepoa kidogo?"

"Kabisa. Imezimika tangu Jumapili."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, hata redio nahisi ilinyamaza, ingawa hiyo ni mimi naongeza chumvi.

Kilichotokea ni hiki. Jumamosi Dada aligundua redieta ya chumba chake (si ile ya gari, ndiyo hivyo vyuma vya ukutani) ina joto chini na baridi juu. Mwenzake wa nyumba, Mzimbabwe, akamwambia ni hewa, akamkopesha kifunguo kidogo cha kufungulia kona ya juu. Dada akafungua, hewa ikapiga mluzi, maji yakatoa tone, akafunga. Ushauri ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba hewa ile nayo ilikuwa inashikilia presha, na presha ilikuwa tayari iko chini. Jumapili asubuhi mashine ikaandika namba ya hitilafu na kunyamaza. Mwenye nyumba hashiki simu. Wakaazi ni watatu, wote wanatunza wazee, zamu za mchana na za usiku, kila mmoja akidhani mwenzake ameshampata fundi.

"Chini ya mashine," nikasoma, "kuna hosi ndogo ya chuma kilichosukwa, na koki mbili, moja kila upande."

Dada akapiga magoti, taa ya simu ikayumba. "Nimeiona. Vishikio vyeusi."

"Fungua ya kwanza yote," akasema Baba, kwa sauti nyingine kabisa. Ilikuwa sauti ya kiwandani, sauti ambayo sisi watoto hatukuwahi kupewa. "Ya pili fungua kidogo. Kidogo, mama. Sikiza. Unasikia nini?"

"Inapiga shhh."

"Nionyeshe geji."

Sindano ilikuwa inapanda kama mtu anayepanda ngazi gizani. Sifuri pointi tano. Saba. Kitabu kilisema ikipita bar 3 vali ya usalama itafunguka na kumwaga nje. Nikamwambia Baba kuna vali ya usalama, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika na Wazungu. Moja. Moja pointi mbili.

"Anza kufunga. Funga hiyo. Sasa funga na ile nyingine. Zote mbili, usiache hata moja, mfereji wa mji una nguvu kuliko mashine yako."

Moja pointi tatu. Dada akabonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Ikakohoa, ikanguruma, taa ndogo ikabadilika rangi. Baba akaomba kuonyeshwa moto. Hakuna dirisha la kuuona moto. Akasikitika.

Ni hapo Dada alipogeuza simu kwake kutushukuru, kwa mara ya kwanza uso wote, na Mama, aliyekuwa nyuma yangu akikuna sufuria, akasogea.

"Huo ni moshi unatoka mdomoni?"

Alikuwa jikoni mwake, ndani ya nyumba, na jaketi, na kofia, na leso juu ya kofia. Kila akiongea mvuke ulitoka. Mtu wa Konoin anaujua mvuke wa mdomo, sisi wenyewe saa kumi na moja alfajiri tunautoa tukienda kuchuma. Lakini huo ni wa nje.

"Siku nne, wewe?" Mama akasema. "Siku nne na hukusema?"

"Si mbaya, Mama. Kwa kawaida huwa tunawasha saa moja tu, jioni."

"Kwa nini saa moja?"

Akaeleza kuhusu mita. Gesi yao wanailipia kwanza, kama sisi na tokeni za stima. Unaenda dukani na kadi, unaweka pauni kumi, unarudi. Zikiisha usiku, zimeisha. "Na kuna mambo ya huko nyumbani pia," akasema. "Kuna karo ya huyu."

Hakusema kwa ubaya. Hata hakuniangalia, alikuwa anapapasa redieta kwa mkono kuona kama joto limefika.

"Huyu amalize," Baba akasema, akanipiga bega. "Huyu ndiye injinia. Umemsikia vile anasoma hicho kitabu?"

Sasa niseme nilichokuwa nimewaficha. Niliacha chuo Machi 2025. Sikufukuzwa. Sina hadithi ya kusisimua hapo, nilianza kukosa madarasa, nikakosa mtihani mmoja, halafu kurudi kukawa kugumu kuliko kutorudi. Nilikuwa naandika. Kwanza zile insha ambazo vijana wengi wa Kenya tumewaandikia wanafunzi wa nje, kwa dola kadhaa kwa ukurasa (niliwahi kuandika kurasa nane kuhusu kuhami nyumba dhidi ya baridi kwa mwanafunzi wa Uingereza, mnaweza kucheka), kisha zikakauka wanafunzi walipopata programu ya kuwaandikia bure, nikahamia makala. Mengine yanalipwa, mengine "tutakutafuta."

Nyumbani walidhani niko mwaka wa tatu. Wahadhiri wa vyuo vya umma walinisaidia kudanganya. Mgomo wao ulianza Septemba 2025 na kudumu siku 49, ukaisha mapema Novemba. Kwangu uliendelea. Januari nilikuwa bado nyumbani na Baba akiniuliza nasema chuo kinapanga upya ratiba.

Na karo iliendelea kuja. Agosti Dada alituma Sh38,000. Nikalipa kodi ya chumba Nakuru na kumalizia deni la laptopu. Nilijiambia ni mkopo, kwamba makala moja kubwa itafuta yote. Januari akatuma tena kiasi hicho hicho. Usiku ule, Baba alipokwenda kulala akiwa na furaha ya mtu aliyerudishwa kazini, nilifungua ujumbe wa M-Pesa kuangalia tarehe, ingawa nilikuwa naijua.

Jumatatu. Mashine ilizimika Jumapili, pesa ikaingia Jumatatu.

Nilitoka nje, nikasimama pale majani chai ya Mama yanapoanzia, ekari moja ambayo bonasi yake ya Oktoba haijawahi kutosha kitu kimoja kikamilifu, nikampigia. Kwetu ilikuwa saa sita usiku, kwao saa tatu. Alipokea akiwa kitandani, bila kofia. Akanionyesha redieta kwa furaha, ameanika soksi juu yake.

Nikamwambia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliniuliza tu, "Tangu lini?" Nikasema Machi. Akawa anahesabu, niliona midomo ikienda. Alikuwa anahesabu zamu, nadhani, maana ndivyo anavyopima pesa. Kiatu ni nusu zamu, tiketi ya ndege ni mwezi na nusu wa zamu.

"Ya Agosti ulifanyia nini?"

Nikamwambia.

"Na hii?"

"Iko. Sijaigusa. Nitairudisha."

"Sawa," akasema, kisha akakata simu. Asubuhi niliirudisha. Ilikatwa ada ya kutuma, na nikaona ni halali yangu kuongezea hiyo ada kutoka mfukoni, kana kwamba hilo lingebadilisha kitu. Tiki mbili za bluu. Hakujibu.

Ukimya wake ulikuwa wa adabu sana. Alimpigia Mama kwa simu ya Mama. Alimpigia Baba kwa simu ya Mama. Mimi nilikuwa nasikia kutoka sebuleni vile baridi imezidi, vile Mzimbabwe ameoka keki, vile Baba anauliza geji inasoma ngapi na anajibiwa. Niliandika makala mbili wiki hizo na zote zilikuwa mbovu. Wiki ya pili nikamwambia Baba tukiwa tunapasua kuni, nikichagua wakati ambao angekuwa na shoka mkononi, sijui nilikuwa nafikiria nini. Alipasua gogo lile, akapasua lingine. Akauliza kama Dada anajua. Nikasema anajua. "Pesa?" Nimerudisha moja. Akasema, "Bado moja," akaendelea kupasua. Jioni hakuniita injinia. Hajaniita hivyo tena.

Kwa Sh38,000 hizo nyingine nimelipa elfu tisa kufikia leo. Hii makala mnayoisoma itapunguza kidogo.

Februari ilikuwa imeanza simu yangu ilipotetemeka saa moja asubuhi. Picha kutoka kwa Dada, bila neno. Geji. Sindano kwenye 0.8.

Nikampelekea Baba nje, alikuwa anapiga mswaki. Akaiangalia kwa muda.

"Ilikuwa moja pointi tatu," akasema. "Wiki tatu." Akatema. "Inavuja. Si sana. Ingekuwa sana angeona maji sakafuni. Mwambie aongeze tena, lakini kuongeza si dawa. Aangalie kila mahali bomba linaingia kwenye hicho chuma. Atafute kutu, ama doa la kijani, ama zulia lililobadilika rangi. Apitishe karatasi ya choo kwenye kila nati, karatasi haidanganyi."

"Mpigie umwambie."

"Amekutumia wewe."

Nikaandika yote vile alivyosema, pamoja na karatasi ya choo. Nikaongeza kutoka kwa kitabu kwamba kama hakuna doa popote, huenda ni lile tangi dogo la upanuzi ndani ya mashine, lenye hewa upande mmoja na maji upande mwingine, na hilo si kazi yake, ni la fundi mwenye leseni ya gesi, na mwenye nyumba ndiye anapaswa kumlipa, amwandikie barua pepe na ahifadhi nakala. Nikasoma tena. Nikafuta "pole" niliyokuwa nimeweka mwanzoni, nikairudisha, nikatuma.

Jioni ikaja picha nyingine. Redieta ya chumba cha juu, nati ya shaba pale bomba linapoingia, duara la kijani kuizunguka, na chini yake zulia lenye doa la kahawia kama sahani ya kikombe.

"Hapo ndipo," nikaandika.

Nukta tatu zikacheza, zikapotea, zikacheza tena.

"Nina spana," akaandika. "Nakaza upande gani?"

Nikamwita Baba.